Mishale Iliyotazama Kusini

Saynab anasema aliiona Jumanne, adhuhuri imeshapita kidogo, jua liko pale linapomnyima mtu kivuli chake. Alikuwa ameshuka ndani ya mfereji mkubwa, uliokauka wiki ya sita sasa, akiwakatia mbuzi wake majani yaliyoota kwenye matope ya chini. Akasikia kengele ya ngamia. Si ya chuma, ni ile ya mti inayosema kok, kok, kwa uvivu, kama mtu anayebisha hodi na hana haja ya kufunguliwa. Akainua macho. Juu ya tuta ikapita baisikeli nyeusi ya Yarow, imesimama wima, pedali zinazunguka, na juu ya kiti hapana mtu.

"Baisikeli isiyo na mtu huanguka," Saynab husema kila anaporudia habari hiyo. "Ile haikuwa inaanguka. Ilikuwa inaenda kama imebeba. Na kiti kimebonyea. Wallahi nilikiona kiti kimebonyea."

Alisoma bismillahi, akaukumbatia mundu wake kifuani. Baisikeli ikapita taratibu, ikawa ndogo, ikawa nukta, na kwa kuwa nchi ile ni tambarare na mfereji umenyooka kama uzi uliovutwa pande zote mbili, ilichukua muda mrefu sana kupotea machoni.

Hakuna aliyemwamini. Huyu ndiye Saynab aliyesema mwaka jana kwamba fisi alimsalimia kwa jina la marehemu mumewe. Watu walimsikiliza, wakatazamana, wakanywa chai. Samsam peke yake, binti wa Yarow, mtu aliyepotea tangu juma lililopita, ndiye aliyemfuata mpaka zizini kwake Alhamisi asubuhi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, aliyeishia darasa la nane, mwenye macho ya kungoja. Hakuuliza habari za kiti wala kengele. Alimwita eeddo, shangazi, akauliza jambo moja.

"Eeddo, una hakika ilielekea kaskazini?"

"Ilielekea kule yanakotoka maji. Mimi ni muongo, abaayo, ndivyo wanavyosema. Hawajasema kipofu."

Samsam akageuka kulitazama tuta, kwa sababu watu wote walikuwa wamemtafuta baba yake kusini.

Yarow alikuwa mtu wa malango. Ukame ulipomaliza ngamia wake huko Hulugho, aliivuta familia yake mpaka kwenye mashamba ya maji nje ya Garissa, akapewa kazi ya kufungua na kufunga malango ya mfereji ili kila shamba lipate zamu yake. Kutoka lango la kwanza mpaka kwenye pampu kuna kilomita zaidi ya thelathini, na juu ya tuta haipiti gari wala pikipiki. Nguzo za zege zimesimikwa kila upande ili tuta lisibomoke, na nafasi iliyobaki kati ya nguzo humtosha mtu na baisikeli tu. Basi Yarow akanunua baisikeli. Aliitunza kama ngamia. Aliipiga chapa ya ukoo wake kwa chuma cha moto chini ya kiti, kwenye ngozi, na kwenye usukani akaifunga kengele ya mti aliyomvua ngamia wake wa mwisho.

Jumatatu ya juma lililopita, baada ya alasiri, alipanda akaenda kukagua malango kabla maji hayajarudishwa. Hakurudi. Simu yake ikawa haipatikani. Siku ya tatu akaja Kadar, mdogo wa Yarow, ambaye Samsam humwita adeer, yaani ami, kutoka Hulugho, pamoja na wanaume wawili. Kadar anajulikana mpaka ng'ambo ya mpaka kwa kufuata raad, yaani nyayo. Mwonyeshe unyayo wa ngamia mmoja kati ya mia, atakuambia ni wa nani, ana mimba ya miezi mingapi, na jicho gani lina kasoro. Raad ya baisikeli ya kaka yake haikumsumbua hata kidogo. Tairi la nyuma lilikuwa na michoro kama vichwa vya mishale, na miaka yote mishale ile ilitazama kule baisikeli inakoenda. Kadar alizoea kutania kwamba Yarow amejipatia ngamia anayeandika safari yake.

Alipoinama juu ya tuta aliona mishale inatazama kusini. Wakaenda kusini. Waliifuata, imechanganyika na raad zake za siku za nyuma, mpaka ardhi ilipokuwa nyeupe na ngumu kama sahani, kule miti ya miiba ya mathenge inapousonga mto, na hapo ikapotea. Siku sita wakapekua miiba na kingo za mto. Mwishoni wakasema mamba. Ijumaa, baada ya swala, angeswaliwa kama anavyoswaliwa maiti asiyekuwapo, na jambo lingekwisha.

Na Alhamisi hiyo, saa kumi alasiri, maji yangefunguliwa.

Samsam alitoka kwa Saynab akapanda tuta. Hakuwa ameiona raad hata siku moja. Kazi ile ilifanywa na wanaume, yeye alikuwa jikoni akiwapikia. Alitembea pembeni, kama alivyofundishwa utotoni, asiikanyage, uso ameuelekeza kwenye jua ili vivuli vidogo vimfunulie mambo. Akaiona. Jumatano upepo ulikuwa umevuma kutwa, umefagia hata nyayo za mbuzi. Raad ile ilikuwa mbichi, ncha za mishale kali kama zimechorwa kwa wembe. Ndege alikuwa ametembea pale alfajiri, na tairi lilikuwa limepita juu ya vidole vyake.

Mishale ilitazama kusini. Saynab alisema kaskazini.

Samsam akachuchumaa pale pale, kwani alikuwa ameelewa.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mchana, watu wanapolala chini ya mabati kukwepa jua, Samsam alikuwa akiitoa baisikeli ya baba yake kimya kimya, anaijaza kengele majani isilie, anakunja baibui yake juu ya suruali na kupanda. Kutoka lango la kwanza mpaka la tano, na kurudi. Hapakuwa na mlima wa kumchosha wala mtu wa kumuuliza anaenda wapi. Upande mmoja maji, upande mmoja miti, na katikati yeye, anakwenda kwa kasi ambayo miguu yake haikuwahi kuijua. Alikuwa akirudi kabla ya adhana ya alasiri, anafuta vumbi, anaanza kuchemsha chai.

Jumatatu ile mwiba wa mathenge ulichoma tairi la nyuma. Alilivua mwenyewe, akaziba tyubu kwa kiraka, akalivisha tena kwa haraka, masikio yako kwenye adhana. Hakutazama mishale inaelekea wapi. Saa moja baadaye baba yake akaichukua baisikeli hiyo hiyo.

Alimkuta adeer Kadar nyumbani, anakunywa chai peke yake.

"Adeer, aabo alikwenda kaskazini."

"Saynab ameshakupitia."

"Tairi limeniambia."

Kadar akatabasamu kidogo. "Tairi mimi nimelisoma siku sita. Linatazama kusini."

"Linatazama kusini kwa sababu limevishwa kinyume."

"Na nani?"

"Na mimi."

Alimtazama kama anayetazama kitu kilicho mbali. "Wewe na baisikeli mna undugu gani?"

Akamweleza. Alieleza yote, polepole, macho chini. Alipomaliza, Kadar hakuuliza habari za tairi.

"Nani alikuona ukipanda?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha ni kama alilisikia neno lake mwenyewe. Akakiweka kikombe chini na chai ikamwagika kwenye mkeka, asiipanguse. "Siku sita," alisema. "Siku sita nimewaburuza watu kusini, na mwanamke wa mbuzi anajua kaskazini." Akainuka, akatafuta viatu vyake ilhali amevivaa. "Natafuta pikipiki. Nitazunguka na barabara mpaka kwenye pampu. Wewe kaa hapa, umeshafanya ya kutosha."

Hakukaa. Alimpigia simu Bare, mtu wa pampu, aliyekuwa akifanya kazi na baba yake.

"Bare, walaal, ndugu yangu, usifungue maji leo."

"Watu wa vitunguu wako hapa mlangoni, wamekaa kama wako matangani," Bare alisema. "Wiki sita, Samsam. Ofisi imesema saa kumi. Mimi hapa ni mkono tu, kichwa kiko ofisini."

"Aabo yuko huko. Alikuja upande wenu."

"Yuko wapi? Niambie mahali, niambie lango, na mimi nitaikalia hiyo swichi mpaka wanifukuze. Lango la ngapi?"

"Sijui bado."

"Basi nizuie kwa ajili ya nini? Ndoto ya Saynab?" Sauti yake haikuwa na ubaya. "Ukijua, niambie. Wallahi nitazuia."

Saynab alimpa baisikeli ya marehemu mumewe, iliyokuwa ikibeba madumu ya maji. Aliipuliza vumbi kwenye kiti, akamfungia chupa ya maji kwenye kerea.

"Ukikutana nayo," alisema, "usiipite. Kaa nyuma yake. Na usisemeshe kilichokaa juu."

"Na ikisimama?"

"Ikisimama ulizie kwa wenye elimu. Mimi nilikimbilia kwa mbuzi."

Saa sita Samsam alipita kati ya nguzo za zege akaelekea kaskazini.

Alipita lango la kwanza, la pili, la tatu. Namba zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe kwenye zege. Mfereji mkavu ulilala kulia kwake, matope yamepasuka vipande vipande, na humo walisimama korongo wakubwa wenye vipara, wametengana kwa hatua sawa kama watu waliopangwa foleni. Hawakuruka alipopita. Waligeuza vichwa. Kushoto mathenge yalikuwa ukuta. Mbele yake tuta lilinyooka, na pale lilipokutana na mbingu hewa ilikuwa inachemka kama sufuria. Alikanyaga pedali na nchi haikubadilika, ukadhani amekaa mahali pamoja na ni tuta tu linalopita chini yake.

Raad ilikuwa mbele yake muda wote. Alikaa kando yake, hakuikanyaga. Mahali pengine alisimama, akateremka, akaangalia kama kuna unyayo wa mtu, pahali mpandaji alipotua mguu au alipokojoa au alipopumzika. Hapakuwa na kitu. Kuanzia lango la kwanza hadi la saba, aliyepanda baisikeli ile hakuwa amegusa ardhi.

Baada ya lango la saba akaisikia kengele.

Kok. Kok. Ilikuwa mbele, si mbali. Aliongeza kasi, ikaongeza. Alipopunguza ikapunguza, na aliposimama kabisa ikanyamaza, kwa namna ya mtu aliyesimama naye kumsubiri. Alijiambia kwamba ni mbuzi wa mtu ndani ya mathenge, kisha akajiambia ukweli, kwamba mbuzi hawafungwi kengele ile, na akaendelea kwa sababu kurudi kulikuwa sawa na kumzika baba yake kwa mkono wake.

Lango la nane ndilo Yarow aliloswalia siku zote. Hapo pana sakafu ndogo ya zege iliyotazama kibla. Samsam alikuta sakafu imelowa. Maji yalikuwa yamemwagika pale kama mtu ametoka kutawadha dakika hiyo, nyayo mbili za maji zimesimama sambamba, kubwa, kidole gumba cha kushoto kimepinda nje. Kidole cha baba yake kilipinda hivyo tangu ngamia amkanyage. Hapakuwa na tone la maji karibu na mahali pale, na jua la saa nane lilikuwa linaweza kukausha nguo kabla hujamaliza kuianika. Aliyagusa. Yalikuwa baridi.

Akatawadha kwa maji ya chupa, akaswali adhuhuri nyuma ya nyayo zile. Hakujua pengine pa kusimama. Alipotoa salamu kuliani alihisi pumzi. Alipotoa salamu kushotoni na kutazama mbele, sakafu ilikuwa kavu, nyeupe, ina vumbi la siku nyingi.

Alipanda tena. Kuanzia hapo kengele haikulia.

Lango la kumi na moja liko pale mfereji unapokutana na laga, mto wa mchanga unaojaa wakati wa mvua tu. Mfereji hauwezi kukatiza juu yake, kwa hiyo maji huingizwa ndani ya bomba kubwa la zege, linazama chini ya mchanga na kuibuka ng'ambo. Mtu akiinama kidogo anaweza kutembea ndani. Kila mdomo wa bomba huzibwa kwa wavu wa chuma ili takataka zisiingie.

Baisikeli ya Yarow ilikuwa imeegemezwa langoni.

Samsam aliiacha yake ikaanguka, akasogea. Chapa ya ukoo ilikuwa pale chini ya kiti. Tairi la nyuma lilikuwa limelala, halina upepo, mishale yake inatazama kinyume kama alivyoivisha. Alipogusa usukani vidole vyake vilikata nyuzi. Buibui alikuwa amefuma kati ya spoku na mnyororo, kati ya mnyororo na pedali, tabaka juu ya tabaka, na vumbi limeugandia utando ule mpaka ukawa kama kitambaa. Baisikeli hii haikuwa imesogea siku kumi. Kengele ya mti ilining'inia mahali pake, na ndani yake mlikuwa na majani makavu, aliyoyajaza yeye mwenyewe Jumatatu na kusahau kuyatoa. Haikuweza kulia.

Akageuka kuitazama raad aliyoifuata tangu saa sita. Tuta lilikuwa tupu. Palikuwa na mstari mmoja tu wa tairi, wake.

Hapo ndipo aliposikia sauti, ikitoka chini.

Aliteremka kwenye zege kwa makalio. Wavu wa chuma ulikuwa umeanguka mdomoni mwa bomba, umekaa mshazari, na mwanya uliobaki usingempitisha mwanamume. Ndani mlikuwa na giza. Na humo gizani mtu alikuwa anaimbia ngamia. Ulikuwa wimbo wa kisimani, ule wa wanyweshaji, unaoenda na ndoo juu na chini, unaowaita wanyama mmoja mmoja kwa zamu ili wasikanyagane. Sauti ilikuwa ya baba yake. Haikuwa ya mgonjwa wala ya mtu mwenye hofu. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini.

"Suban, njoo wewe. Wa mbele anywe, wa nyuma asubiri. Maji yapo. Maji yanakuja."

Suban alikufa mwaka wa ukame. Samsam aliwahi kukaa juu ya mgongo wake.

"Aabo," aliita. Wimbo uliendelea.

Alipanda juu tena mbio, magoti yakichunika. Simu ilikuwa na mstari mmoja wa mtandao, ukawaka, ukazima. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Alimpigia Bare, ikaita mara moja ikakatika. Akaandika: Bare yuko lango la 11 ndani ya bomba yuko hai zuia maji. Aliituma. Simu ikasema imekwenda. Alisubiri akiwa amesimama kwenye ncha za vidole, simu ameiinua juu ya kichwa. Hakujibiwa. Kutoka hapo hadi kwenye pampu kulikuwa na zaidi ya kilomita kumi, na tairi la baisikeli ya Saynab lilikuwa limeanza kulegea.

Akavua baibui, akaiacha juu ya tuta ili adeer Kadar akija aione, akaingia kwenye mwanya.

Ndani palinuka samaki na chuma. Hatua ya kumi maji yaliyotuama yalimfika vifundoni, hatua ya ishirini magotini. Kumbe aabo alikuwa na maji ya kunywa, aliwaza, siku zote hizi alikuwa nayo. Alishika ukuta kwa mkono mmoja. Mwanga wa mdomo nyuma yake ukawa mdogo kama sarafu, na sauti ikawa karibu, tena karibu zaidi, inawaita ngamia ambao mifupa yao iko Hulugho, na baada ya kila jina palikuwa na kimya kidogo, na katika kimya hicho alisikia kitu kikinywa.

"Aabo, ni Samsam."

"Wa nyuma asubiri."

"Ni mimi niliyelivisha tairi vibaya. Ndiyo maana walichelewa. Hawakukuacha, aabo, walienda njia siyo."

Wimbo ukakatika.

Hakuna kilichonywa tena. Kutoka upande wa pili wa bomba, upande wa kaskazini, upepo ulianza kuja usoni mwake, kwanza mwepesi, kisha wa kusukuma, na ulikuwa na harufu anayoijua kila mtu wa kule, harufu ya udongo mkavu uliofikiwa na maji. Mbele yake, hatua mbili au tatu, mtu alikuwa anapumua.

Samsam aliunyoosha mkono gizani, kadiri ulivyoweza kufika.

"Aabo," alisema, "nipe mkono wako."